Wifi Yangu na Kalenda ya Chooni

Wifi yangu Geesje ana miaka sabini na minane na hajawahi kukubali kushindwa na mtu, wala ng'ombe, wala serikali. Niliolewa na kaka yake, tukaishi miaka arobaini na mitatu, kaka akafa, wifi akabaki. Wajane wengine huachiwa saa ya ukutani. Mimi nimeachiwa Geesje.

Alifuga ng'ombe hapa Zandeveen tangu usichana wake mpaka goti lilipomwambia basi. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, anasema wanaume wanakula sana na maziwa hawatoi. Ana mikono mipana, sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mfereji, na kichwa ambacho daktari akikipima atakuta mfupa mtupu. Nampenda, lakini sijawahi kumwambia, na wewe usimwambie.

Kijiji chetu kina mchoraji, tutafanyaje. Derk Oosterloo alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani, akaenda mjini Groningen kusoma, akarudi na kofia pana na maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuchora ng'ombe. Tena si ng'ombe mzima. Alichora sehemu ya nyuma tu, kuanzia nyonga kwenda mkiani, na kwa miaka arobaini hakuwahi kuzunguka aone upande wa pili kuna nini. Wataalamu walikuja na miwani yao wakasema mle mna upweke wa binadamu anayeachwa. Sisi tuliona matako ya ng'ombe, na tuliweza hata kukwambia ni ya ng'ombe yupi.

Ng'ombe wenyewe walikuwa wa Geesje. Kila Jumatano asubuhi, kwa miaka ishirini na sita, Oosterloo alifika zizini na sanduku lake la rangi, naye Geesje akashika mkia kando ili bwana mkubwa aone anachotaka kuona. Mvua inanyesha, barafu imeganda, inzi wanauma, Geesje kashika mkia. Saa sita alimpa supu ya njegere. Alikula bakuli mbili bila kufungua mdomo kwa jambo lingine, akasema "Naam," akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Nilimuuliza wifi siku moja kama hapakuwa na kitu kingine kati yao, maana mdomo wangu hauna breki, akaniambia nikamwage maji ya ndoo.

Nyumbani kwa mchoraji hakuingia mtu. Hata Geesje hakuwahi kuvuka kizingiti chake. Halafu miaka tisa iliyopita, mwezi wa Machi, Oosterloo akafia kitini akiwa na biskuti mkononi, na wosia wake ukasema nyumba ifanywe makumbusho na kisiguswe wala kusogezwa kitu, hata kijiko. Akaletwa mkurugenzi, kijana anaitwa Floris, anayevaa shali hata Agosti, naye akaushika ule wosia kama maandiko matakatifu. Nusu ya ile biskuti imo mpaka leo, chini ya kioo. Soksi moja imo, karibu na kitanda. Choo kimo vilevile, na chooni imo kalenda.

Nazungumzia kalenda ya siku za kuzaliwa. Kwetu inatundikwa chooni, mbele ya macho ya aliyekaa, na sijui watu wengine wanaitundika wapi. Haina mwaka wala Jumatatu, ina miezi na tarehe na majina ya watu unaowahesabu. Mgeni akiingia chooni kwako akachelewa, usimhurumie tumbo. Yuko mle anafunua kurasa anajitafuta. Akijikuta, anatoka na uso mkunjufu na kukusifia mapazia. Asipojikuta, anasema kahawa yako nyepesi. Na kujiandika mwenyewe kwenye kalenda ya mtu ni aibu ambayo hata mlevi haithubutu.

Kalenda ya Oosterloo, kwa kuwa kisiguswe kitu, ilibaki imefunuliwa Machi. Na Machi ile ilikuwa na jina moja tu, kwa mwandiko wake mwenyewe, tarehe tisa: Annechien.

Annechien Kuipers alikuwa muuza stempu wa posta yetu kwa miaka thelathini. Siku yake ya kuzaliwa ni tarehe nane. Anasema msanii hafungwi na tarehe. Tangu makumbusho yafunguliwe, mama huyu hagusiki. Floris alipiga picha choo na kalenda yake, akatengeneza postikadi, na hakuna kinachotoka dukani pale kama ile postikadi. Kitabu cha wageni kinamwita Mwanamke wa Machi. Kila Ijumaa anakaa kwenye kiti ukumbini, kando ya mlango wa choo, ana beji kifuani, na wageni wakimuuliza kama mchoraji alimpenda, anainamisha macho. Anayainamisha vizuri sana, nina hakika hufanya mazoezi mbele ya kioo.

Geesje aliyameza haya kwa miaka tisa. Kwenye ufunguzi hakualikwa, na baada ya hapo akasema hana nafasi ya makumbusho, ana viazi. Mpaka Jumapili moja ya Septemba tulipokuwa kwenye siku ya kuzaliwa ya jirani, tumekaa duara kama kawaida, sahani za keki magotini, kila mtu ameshampongeza kila mtu. Mmoja akasema hata Geesje alimfahamu Oosterloo. Annechien akampigapiga wifi yangu gotini, lile bovu, akasema, "Ndiyo, Geesje alimshikia mkia."

Duara zima lilicheka. Mimi nilicheka pia, Mungu anisamehe, mpaka keki ikanipalia. Geesje hakucheka. Alimaliza keki yake, akaiweka sahani mezani taratibu, akaenda zake.

Ijumaa yake asubuhi akaingia jikoni kwangu bila kubisha hodi.

"Wifi, vaa viatu. Tunakwenda makumbusho."

"Kufanya nini?"

"Kwenda chooni."

Nikamkalisha, nikamwekea kahawa, akanieleza. Yeye kazaliwa tarehe kumi na nne Oktoba. Kalenda inaonyesha Machi tu, na kurasa nyingine hakuna aliyezifunua, kwa sababu ya Floris na wosia wake. Alitaka kufunua Oktoba, basi, aone mwenyewe. Nikamuuliza kama hayumo itakuwaje. Alinywa kahawa mpaka ikaisha, akanywa na kikombe cha pili.

"Miaka ishirini na sita, Roelfien," alisema. "Mtu anataka kujua kama alikuwa mtu au alikuwa kamba ya kufungia mkia."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya hekima na ya ufedhuli. Nikavaa viatu.

Tulipanga njiani juu ya baiskeli, tukipiga kelele kwa sababu ya upepo. Kazi yangu ilikuwa kumtoa Annechien kitini. Kazi ya Geesje ilikuwa kuruka kamba nyekundu iliyozuia mlango wa choo, kuingia, kufunua Oktoba, kurudisha Machi, kutoka. Dakika moja. Nilimwapisha kabisa kwamba ni dakika moja.

Tulikuta mambo yametunyookea. Basi la wastaafu kutoka Hoogeveen lilikuwa limeshusha watu ishirini na kitu, na Floris alikuwa nao chumba cha kuchorea, anawaeleza upweke wa binadamu. Annechien alikuwa kitini peke yake. Aliponiona akanipa mkono kama malkia anayefungua daraja. Nikamwambia nina shemeji Kanada, anaipenda ile postikadi kufa, na ningeomba Mwanamke wa Machi aitie sahihi. Shemeji wa Kanada sina. Annechien akatoa biro mkobani. Nikasema aa, biro hufutika, jambo kama hili lahitaji wino, na pale kaunta nimeona kalamu ya wino. Alisimama kabla sijamaliza.

Kaunta nikamshika kweli. Nikamwambia aandike neno refu kidogo. Nikamwambia shemeji anapenda mashairi. Alikuwa amefika mstari wa tatu, ulimi nje kama mtoto wa shule, niliposikia mlango wa choo ukifungwa, halafu komeo likivutwa. Hilo halikuwemo kwenye mpango.

Baadaye wifi alinieleza. Anasema aliingia vizuri, akaiona kalenda, mkono ukaenda, mkono ukakataa. Hakulelewa kufunua kalenda ya mtu akiwa amesimama kama mwizi. Kalenda inasomwa umekaa, na mlango umefungwa. Basi akafunga mlango, akatia komeo, akakaa. Na akishakaa, kwa umri ule, na vikombe viwili vya kahawa yangu tumboni, na upepo wa njiani, akafanya ambacho mtu hufanya. Yaliyobaki mle sasa ni mali ya makumbusho.

Halafu, kwa kuwa ni mwanamke msafi, akavuta mnyororo wa tangi la maji.

Tangi lile halikuona maji miaka tisa. Lilikohoa, likanguruma, likatoa sauti ya ng'ombe anayezaa, na nyumba nzima ikasikia. Annechien aliangusha kalamu. Floris alikuja mbio shali likipepea, wastaafu nyuma yake, wamefurahi kwa mara ya kwanza tangu washuke kwenye basi. Geesje akajaribu kufungua. Komeo lilikuwa na kutu, liliingia lakini halikutoka. Alilitikisa, akalitukana kwa lugha ya zizini, likakaa palepale.

"Nani yumo humo?" Floris aliniuliza.

"Wifi yangu."

"Anafanya nini?"

"Bwana Floris, ni chooni," nikamwambia. "Unataka nikueleze?"

Sasa wewe unajua watu wetu. Wakiona mlango wa choo umefungwa na watu wamesimama mbele yake, hawaulizi, wanapanga foleni. Nilipogeuka nikakuta wastaafu kumi na wawili wamejipanga kuanzia kamba nyekundu mpaka kwenye ile biskuti, na bibi wa mbele kabisa ameshaanza kutazama saa. Floris aliwaeleza kwa upole kwamba hiki si choo, ni kitu cha maonyesho. Wakaitikia kwa vichwa, hawakutoka kwenye foleni. Bwana mmoja alisema Rotterdam aliona maonyesho ambayo unaruhusiwa kuyatumia. Yule bibi akagonga mlango, akamwambia Geesje kwamba na wengine wanasubiri.

Floris akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, akamsihi bibi aliye ndani asiguse kitu chochote, aweke mikono magotini na avute pumzi. Halafu tukasikia karatasi nzito ikigeuzwa.

"Bibi," Floris alisema, "hiyo ni sauti ya nini?"

"Aprili," Geesje akajibu.

Floris alishika ukuta. Karatasi ikageuka tena, na tena. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole. Niliwaeleza wale wastaafu wa mbele ni jambo gani, kwa kunong'ona, na wao wakawanong'oneza wa nyuma, maana nilishindwa kuibeba siri hiyo peke yangu. Foleni nzima ikawa inahesabu miezi. Kwenye Juni, wifi yangu akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha tumboni, cha mtu aliyesahau kwamba nje kuna watu, na foleni ikacheka naye bila kujua inacheka nini. Julai alicheka. Agosti alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja, na Floris kila kiganja kikitua anafumba macho.

Ikaja Septemba. Ikaja Oktoba.

Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikataka kuuvunja mlango ule kwa kichwa changu mwenyewe. Nikajua tu. Ukikaa na mtu nusu ya maisha yako, unajua kimya chake ni cha nini.

Annechien alikuwa kasimama kando yangu. Kumbe alikuwa kanishika mkono wa sweta na hajui. Akainama kwenye tundu la ufunguo, akasema polepole, wasisikie wa kwenye foleni, lakini mimi nilisikia.

"Geesje. Oktoba umo?"

Akasogea karibu zaidi na tundu.

"Na Machi ni mimi, sivyo? Eti, Geesje?"

Miaka tisa nimemsubiri Annechien Kuipers ashuke kwenye kile kiti. Nimewaza mara ngapi nitakavyomtazama siku hiyo. Sasa yuko mbele yangu, beji imekaa upande, na ule utamu niliousubiri haukuwepo hata kidogo. Nilimwonea huruma, na nikakasirika sana kwamba namwonea huruma.

Wakati huohuo foleni ilikuwa imefanya mkutano. Bwana mmoja, fundi seremala mstaafu, alikuwa na kisu cha mfukoni chenye bisibisi, akasema bawaba za mlango zinatoka kwa dakika tano. Floris akasema labda wamuue yeye kwanza, rangi ile ya mlango aliipaka marehemu mwenyewe. Mwingine akasema lazima kila upande usikilizwe. Ukasikilizwa. Ikapigwa kura kwa kunyoosha mikono, na wote wakakubali bawaba zitolewe isipokuwa Floris, na mume na mke mmoja waliosema hawana msimamo. Kutoka ndani Geesje naye akasema anakubali.

Mlango ulipotolewa, wifi yangu alikuwa amesimama wima, sketi imenyooka, mkoba begani. Kalenda ilikuwa imerudi Machi. Mkononi alikuwa na leso nyeusi tititi, kwa sababu alipokuwa anasubiri alifuta tangi, bomba, dirisha na kile kibao cha kukalia. Floris aliitazama ile leso.

"Hilo lilikuwa vumbi lake."

"Lilikuwa vumbi," Geesje alimjibu.

Yule bibi wa mbele ya foleni akamuuliza, bila haya, kama Oktoba amejikuta. Floris mwenyewe, na machozi yake, alitega sikio. Geesje hakumtazama yule bibi. Alimtazama Annechien, na Annechien alikuwa amejishika mkono mmoja kwa mwingine kama anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Nimefunua miezi yote," wifi yangu alisema. "Ni mitupu. Jina ni moja tu humo ndani, la huyu."

Annechien alikaa chini, nusu kwenye kiti na nusu nje ya kiti. Akalia. Alilia kwa sauti, akavuta kitu cha kujifutia, na kilichokuwa karibu ni shali la Floris. Floris hakuona, alikuwa anaandika kwenye daftari lake: mmoja tu, mmoja maisha yake yote. Wastaafu wakampongeza Annechien mmoja mmoja kwa kumpa mkono, wakanipongeza na mimi, nami sijui kwa lipi. Bwana wa pili kwenye foleni akauliza kama sasa pako wazi.

Mimi nilikuwa nachemka. Nilimwona wifi yangu usoni, nikajua kaongopa, na Geesje haongopi, hata kwa watu wa kodi. Nikamvuta mkono tukatoka. Floris akatukimbilia mpaka kwenye baiskeli kutuambia kwamba Geesje amepigwa marufuku makumbusho yale maisha yake yote, na barua itafuata. Barua ilifuata. Wiki hiyohiyo kalenda ikawekewa kioo chenye skrubu nne, na Floris akamwambia kila mtu kwamba haitafunuliwa tena mpaka kiyama.

Lakini siku ile, tukirudi, Geesje alikuwa mbele yangu anakanyaga baiskeli kama anafukuzwa. Kwenye daraja la mfereji akasimama ghafla, nikakaribia kumgonga. Akainamia ukingo wa daraja.

"Ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe gani?"

"Wote. Ng'ombe watupu, wifi. Aprili wako Klaartje na Mkia Mfupi. Juni yuko yule tuliyemwita Waziri kwa kuwa alikula bila kazi, nikashindwa kujizuia. Kila mwezi, ng'ombe wa zizi langu, na siku waliyozaliwa, hajakosea hata mmoja. Binadamu hakuna. Hata mama yake hayumo."

"Na Annechien?"

"Annechien ni yule mwekundu. Alitoka matako mbele. Oosterloo alivuta mguu mmoja, mimi nikavuta wa pili. Nimekuwa na Annechien wanne maishani mwangu, ningekumbukaje yupi ni wa Machi? Mpaka nilipowaona wenzake."

Nilicheka mpaka nikalaza baiskeli chini. Nilimwona Annechien Kuipers kwenye kile kiti, na beji yake, anainamishia macho ndama aliyetoka matako mbele, nikashika mbavu. Halafu nikaona ninacheka peke yangu. Nikamuuliza Oktoba.

"Oktoba kuna Bles tarehe kumi na tatu, na Roza kumi na sita. Kumi na nne ni nyeupe." Alisema hivyo akitazama maji. "Niliumia, Roelfien. Nilikaa pale juu ya choo cha watu, nikaumia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni."

Nilimshika bega, akaniacha nimshike kwa muda kidogo, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu hasira ikanirudia, maana hasira ndiyo najua kuitumia.

"Na kwa nini umempa yule?" nikamwambia. "Neno moja, Geesje. Neno moja tu ungesema pale, angekwenda nyumbani akiwa ng'ombe. Baada ya kukucheka mbele za watu. Kwa nini?"

Akapenga kamasi kwa ile leso ya vumbi, ikamwachia mstari mweusi toka puani mpaka shavuni. Sikumwambia.

"Ulimsikia pale mlangoni?" akaniuliza.

"Nilimsikia."

"Basi. Mimi nilikuwa na Jumatano zake zote, wifi. Yule ana postikadi tu."